Somo Asiyelijua Jina Lake: Uhakiki wa Filamu ya Star Trek Into Darkness

Utangulizi

Katika mtaa wa Kasungami, mjini Lubumbashi, filamu za kubuni za kisayansi hutufikia kwa Kifaransa nasi huzijadili kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyoipokea Star Trek Into Darkness, iliyoongozwa na J. J. Abrams na kutolewa mwaka 2013. Tuliitazama sebuleni kwa jirani, mara tu baada ya kuitazama ile iliyoitangulia, ya mwaka 2009. Walikuwapo wanafunzi, mafundi, na watoto ambao saa ile walipaswa kuwa wamelala. Filamu ilipokwisha, binti mmoja wa darasa la sita aliniuliza: "Papa, ule mama jina yake Nyota, juu ya nini hasemi Kiswahili?" Nilimjibu kijuujuu, kama wazee wafanyavyo wanapobanwa. Uhakiki huu ni jaribio la kumjibu ipasavyo.

Ni vema msomaji ajue mapema kwamba mwandishi wa makala haya ni mpenzi wa Star Trek wa miaka mingi. Lawama zitakazofuata ni za mtu wa nyumbani.

Star Trek ilianza mwaka 1966 kama mfululizo wa televisheni nchini Marekani, ukiwa umebuniwa na Gene Roddenberry. Filamu ya 2009 iliuanzisha upya mkasa wote kwa waigizaji wapya: msafiri kutoka wakati ujao anavuruga historia, na hivyo wahusika wa zamani wanapata maisha mengine. Filamu ya 2013 ni mwendelezo wa hiyo ya 2009, lakini pia inachota kwa wingi katika The Wrath of Khan ya mwaka 1982. Kwa Kiswahili, mtu anayechangia jina na mwingine huitwa somo wake. Baina ya watu na masomo wao kuna heshima na wajibu. Aliyepewa jina la mtu hatarajiwi kulichukua kama nguo ya kuazima. Swali letu basi ni hili: filamu hii imeyabebaje majina iliyorithi?

Jina la Uhura

Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi ya Uhura tangu 1966 na kufariki mwaka 2022, alisimulia kwamba alikwenda kwenye majaribio ya uigizaji akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, nalo likageuzwa kuwa Uhura. Kwa mwanafunzi wa sarufi badiliko hilo lina mafunzo. Kiswahili hakitofautishi mume na mke kwa irabu ya mwisho. Anayeona kwamba -a inalifanya neno kuwa la kike anafikiri kwa mazoea ya lugha za Ulaya. Kiambishi u- kilichojenga nomino kutokana na huru kimebaki mahali pake, lakini neno zima limepoteza maana na kubakiwa na mwangwi.

Hata hivyo mwangwi huo ulikuwa na sauti. Katika kipindi cha The Man Trap cha Septemba 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujibadili umbo anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika The Changeling cha mwaka 1967, kumbukumbu za Uhura zinafutwa, naye anafundishwa upya kama mtoto; anapokwama, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Waandishi wale walikiona Kiswahili kuwa lugha iliyolala chini ya Kiingereza chake. Kilikuwa Kiswahili kifupi, na ladha yake ilikuwa ya kigeni, lakini kilikuwapo.

Filamu ya 2009 ilimpa rasmi jina la kwanza, Nyota. Hapa kwetu jina hilo halihitaji kufafanuliwa. Lakini kuanzia hapo, aliyeongezewa jina la Kiswahili akanyamazishwa Kiswahili chenyewe.

Mazuri ya filamu

Haki inatutaka tuseme kwamba Uhura wa zamani, kwa umashuhuri wake wote, mara nyingi aliachwa kufungua mawasiliano ili wengine wazungumze. Uhura wa Zoe Saldana ana kazi. Tukio lililo bora kuliko yote katika filamu hii, kwa maoni yetu, ni lile la sayari ya Kronos. Chombo kidogo cha mashujaa wetu kimezingirwa na askari wa Kiklingoni. Kirk yu tayari kupigana. Uhura anadai kwamba ameletwa kwa ajili ya lugha, basi aachwe aitumie. Anatoka peke yake, bila kuinua silaha, na kumkabili kiongozi wao kwa Kiklingoni, akijenga hoja yake juu ya heshima, thamani ambayo Waklingoni wanaikiri. Hoja inakatizwa na risasi, lakini tumekwisha kumwona mtaalamu wa lugha akiwa shujaa. Pale sebuleni hakuna aliyekohoa.

Lakini ni tukio hilo hilo linalotia uchungu. Kiklingoni kiliundwa kwa sehemu kubwa na mwanaisimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984, na kamusi yake ikachapishwa 1985. Lugha ya watu wasiokuwapo imepata mtaalamu, kamusi na tukio zima. Lugha ya mamilioni walio hai, iliyompa shujaa huyu majina yake mawili, haikupata hata salamu.

Kasoro za fani na maudhui

Kasoro ya kwanza iko mwanzoni kabisa. Katika sayari ya Nibiru, watu waliojaa weupe kama wa chokaa usoni wanamkimbiza Kirk kwa mikuki, kwa sababu amewaibia hati wanayoitukuza. Mwishoni wanaitupa hati hiyo na kuchora mchangani chombo cha angani walichokiona kikipaa. Yawezekana waandishi walitaka kumkosoa Kirk, na kwa kweli anaadhibiwa kwa kuvunja sheria. Lakini mandhari hii sisi tunaifahamu: ni ile ya sinema za kikoloni, ambamo mwenyeji hana lugha ila kelele, na dini yake hubadilika kwa kukiona chombo cha mgeni. Watazamaji walicheka, kisha kicheko kikapungua.

Ya pili ni mhusika Khan Noonien Singh. Mwaka 1967 alielezwa kuwa yamkini ni Singasinga kutoka India ya kaskazini, akaigizwa na Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Meksiko. Mwaka 2013 anaigizwa na Mwingereza Benedict Cumberbatch. Uigizaji wake ni wa nguvu na wa kutisha. Jina tu ndilo lililobaki likining'inia bila mwenyewe.

Ya tatu ni kifo. Katika filamu ya 1982 Spock anakufa nyuma ya kioo huku rafiki yake akimtazama. Hapa nafasi zimebadilishwa: Kirk anakufa, Spock analia. Lakini damu ya Khan inamfufua Kirk kabla watazamaji hawajafuta machozi. Mwaka 1982 watazamaji walitoka ukumbini wakiwa na msiba, wakasubiri hadi filamu ya 1984. Msiba usio na matanga ni msiba wa kuazima.

Hitimisho

Kasoro hizi zote zina mzizi mmoja. Filamu imerithi majina na kuacha madeni yake: Khan bila nchi, kifo bila majonzi, Nyota bila lugha. Mfululizo wa Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022, umejaribu kulipa sehemu ya deni kwa kumfanya Uhura mzaliwa wa Kenya ajuaye lugha 37. Tunaupongeza.

Jibu langu kwa binti wa Kasungami ni kwamba Nyota hasemi Kiswahili kwa sababu waliomwandika walidhani jina linatosha. Lakini nusu ya kosa ni letu. Darasa la tafsiri lingeweza kuanza na tukio la Kronos: je, Uhura aseme Kiswahili sanifu, na Kirk kile cha Lubumbashi? Hilo ni zoezi la kitaaluma, tena gumu. Tukingoja watu wa mbali watufanyie, tutaendelea kuona majina yetu yakiruka angani bila sisi.