Spika Sita, Sauti Mbili

Mwenye banda la video pale Maili Moja, Kibaha, alishamaliza hasira zote kabla sijafika. Spika tano ukutani, sabufa chini ya meza, lakini zinazoimba ni mbili za mbele tu. "Fundi, hizi za nyuma nimeuziwa mbovu."

Sikugusa spika. Nilitazama kioo cha risiva, pale panapoandikwa aina ya sauti inayoingia: PCM, yaani sauti isiyobanwa, hapa chaneli mbili tu. Spika zilikuwa nzima; hazikuwa zimeletewa kitu.

Risiva yenyewe ya mtumba, nzito kama gunia la mkaa, haina tundu la HDMI. Ilikuwa inapokea sauti ya kompyuta kwa waya wa mwanga, ule wa Toshiba wa mwaka 1983, ulioundwa kwa ajili ya CD, yaani chaneli mbili. Piga hesabu: sampuli 48,000 kwa sekunde, mara biti 16, mara chaneli 2, unapata biti 1,536,000. Chaneli sita za namna hiyo zinataka mara tatu, na utaratibu wa waya huo, S/PDIF, hauna nafasi yake. Lakini Dolby Digital ya DVD huzibana zote sita ndani ya biti 448,000, haifiki hata theluthi. Inapita kwa raha, ili mradi kompyuta isiufungue mzigo njiani. VLC, programu iliyokuwa inacheza muvi, ilikuwa inaufungua, inachanganya sita kuwa mbili, kisha inatuma. Nikaingia kwenye mipangilio yake ya sauti, nikairuhusu ipitishe S/PDIF bila kugusa. Kioo kikageuka: Dolby D. Nyuma ya benchi la mwisho mvua ikaanza kunyesha.

Faili nyingi za kwenye flashi zina sauti ya AAC, na risiva ile haiijui. Hizo kwa waya wa mwanga zitabaki mbili, labda kompyuta iwe na uwezo wa kuzifunga upya kuwa Dolby. Yake haikuwa nao.

Kesho yake nikawa Kisarawe, nyumbani kwa mwalimu mmoja. Risiva mpya, HDMI tele, waya unaobeba hata chaneli nane bila kubanwa. Kioo? PCM ileile. Kompyuta ilichomekwa kwenye TV, kisha TV ikapeleka sauti kwa risiva kupitia ARC, njia ya HDMI ya kurudisha sauti. Kosa hili nalikuta kila mara. Kompyuta humuuliza aliyeshikana naye ana spika ngapi, na TV ilijibu kwa ukweli kabisa: mbili. Nikahamisha waya: kompyuta iingie kwenye risiva, risiva ndiyo ipeleke picha kwenye TV. Kisha kitufe cha Windows na R, nikaandika mmsys.cpl kufungua mipangilio ya sauti, nikachagua risiva, 5.1, jaribio.

Mtoto wa mwalimu akasimama katikati ya sebule akitangaza. "Mbele kushoto. Katikati. Nyuma kulia... aka, imetoka kushoto!" Nyaya za nyuma zilipishana. Dakika mbili.

Kabla sijaaga, simu ya Kibaha ikaita. "Mambo yamerudi yaleyale, fundi. PCM."

"Umeweka muvi gani?"

Ya kutafsiriwa. Basi si ugonjwa: muvi iliyosimuliwa na DJ kwa kawaida ina chaneli mbili tu, na hakuna mpangilio utakaozaa sita za kweli. Nikamwambia abonyeze rimoti mpaka aone Pro Logic II. Hiyo hukamata kilicho sawa kushoto na kulia, ikakipeleka spika ya katikati. Na sauti ya DJ huwa sawa pande zote mbili. Kwa banda hilo ndilo la maana kuliko mvua ya nyuma, maana tangu enzi za msimulizi Lufufu watu hulipa kumsikia DJ.

Nikasikia vitufe, kisha DJ akafoka kutoka katikati ya ukuta.

"Na hizi za nyuma?"

"Zitaokota mabaki. Helikopta, labda."

"Helikopta inatosha," akakata simu.