Nani Atajitolea? Kuisoma Upya Walenisi Katika Miji Mitatu ya Marekani

Mwaka 2013 kampuni moja ya Uholanzi, Mars One, iliwaalika watu wa kawaida wajiandikishe kwenda kuishi katika sayari ya Mirihi, safari isiyo na marejeo. Kampuni hiyo ilidai kwamba zaidi ya watu 200,000 waliitikia. Mwaka 2019 ilifilisika bila ya kumrusha hata mmoja. Mwaka 2023, NASA ilianza jaribio lake mjini Houston: watu wanne wa kujitolea wakaishi siku 378 ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mfano wa makazi ya Mirihi. Masharti ya kuchaguliwa yalijumuisha umri wa miaka 30 hadi 55, elimu ya juu ya sayansi au tajriba inayolingana nayo, na umilisi wa Kiingereza. Mtu wa kawaida, basi, aliachwa mlangoni.

Hata hivyo swali lenyewe linaendelea kuulizwa: je, mtu wa kawaida angekubali safari ndefu ya angani? Huulizwa kana kwamba jibu limo katika ujasiri wa mtu. Ninadai kwamba riwaya ya Kiswahili imeliweka swali hili mahali pengine, na kwamba sisi wahakiki hatujalitilia maanani vya kutosha.

Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, Dzombo hajitolei. Anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Humo, katikati ya hofu, anajifunza kukiendesha chombo, na badala ya kuangamia anafika katika nchi ya usawa ambayo jina lake linaficha sentensi nzima: wale ni sisi. Mkangi, mwanasosiolojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 chini ya utawala wa Moi, hakuhitaji kubuni dola linalowaondoa watu wake machoni. Wala taswira ya chombo hakulazimika kuiazima mbali. Yeye ni mwana wa pwani ya Kenya, na huko Ngomeni, karibu na Malindi, roketi zilianza kurushwa mwaka 1967 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco. Setilaiti ya Marekani iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru.

Usomaji uliozoeleka wa riwaya hii huelekea upesi kwenye kufika: jamii bora, itikadi yake, na kejeli dhidi ya dola tuliloliacha nyuma. Mimi ninapendekeza turudi kwenye kupaa. Nilisukumwa kufanya hivyo na wasomaji niliojadiliana nao riwaya hii katika miji mitatu ya Marekani, Columbus, Louisville na Buffalo, ambako Kiswahili kimeletwa kwa sehemu kubwa na wakimbizi: Wakongo waliopitia Nyarugusu na Nakivale, Wasomali Wabantu waliopitia Dadaab na Kakuma, na watu wa Barawa na Chimwiini chao.

Anayeshukia Columbus hushukia katika uwanja wa ndege wenye jina la John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani, mwaka 1962. Anayeshukia Louisville hupokewa na jina la Muhammad Ali, mzaliwa wa mji huo, aliyejulikana kwa kuogopa kusafiri kwa ndege na ambaye mwaka 1967 alikataa kuingizwa jeshini. Mmoja alikwenda kwa hiari. Mwingine alikataa kupelekwa. Dzombo si wa kundi lolote kati ya haya. Yeye alipelekwa, kisha akashika usukani.

Hiyo ndiyo hali ambayo wasomaji wangu waliitambua mara moja. Wao pia walichujwa: mahojiano yaliyorudiwa kwa miaka, upimaji wa afya, mafunzo ya maisha ya huko waendako, na mkopo wa nauli wa kulipwa baada ya kufika. Kwa kawaida mji hawakuuchagua, isipokuwa waliokuwa na jamaa waliotangulia. Je, walijitolea? Walitia saini, ndiyo. Lakini neno “kujitolea” lina kitenzi “kutoa” ndani yake, na mtu hutoa alicho nacho. Aliyekwisha kutolewa kwao kwa bunduki ana nini cha kujitolea?

Ni hapa pia ninapoona udhaifu wa Mkangi. Dzombo anapokelewa kwa ukarimu, na anachodaiwa hasa ni kuyafungua macho na kujifunza. Wahenga walikuwa wakweli zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nchini Marekani msaada wa awali wa kumpokea mkimbizi ulipangiwa siku 90, na jembe lenyewe huwa ni zamu ya usiku. Njozi ya Walenisi ingekuwa na nguvu zaidi kama ingetuonyesha gharama ya kuwa “sisi” miongoni mwa “wale”.

Swali lililonifunza zaidi liliulizwa Louisville na mama mmoja mwenye asili ya Fizi. “Mwalimu,” alisema, “wale aliowaacha chini, wanajua kama yuko hai?” Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimeandaa maswali kuhusu utopia na istiari. Yeye alikuwa amebaki kiwanjani, pamoja na waliotazama chombo kikipaa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi, safari zilizokwisha kupangwa zilifutwa. Binti yake alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakingojea.

Huko Buffalo, kijana aliyezaliwa Kakuma alisema kwamba angekwenda Mirihi, mradi kuwe na njia ya kurudi. Hakujua, wala mimi sikujua siku ile, kwamba viungani mwa mji huo ndiko kampuni ya Bell ilikoshughulikia injini ya kuwanyanyua wanaanga wa Apollo kutoka mwezini, yaani injini ya safari ya kurudi. Waliochaguliwa kwenda mwezini waliahidiwa injini hiyo kabla ya kuombwa ujasiri wao.

Kwa hiyo, tunapoifundisha Walenisi, tusiwaulize wanafunzi tu kama wangependa kuishi katika nchi ile. Tuwaulize pia nani alimtia Dzombo ndani ya chombo, na nani alibaki chini akimngojea. Yule mama ameomba nakala ya riwaya. Anataka kumsomea binti yake kwa simu, sura moja moja, hadi Nyarugusu.