Kigodani Jioni

Gari la mwisho likishaondoka, muosha magari anayeijua kazi yake huvuta kigoda na kuanza kazi ambayo hakuna mteja anayeilipia: kufua taulo za maikrofaiba. Kwanza huzichambua. Za rimu, nyeusi kwa unga wa breki, zina beseni lake. Zilizofuta nta zina lake, za vioo lake. Nguo za pamba hazisogezwi karibu, maana maikrofaiba hung'ang'ania nyuzi za pamba kama kishonanguo kwenye suruali.

Tabia hiyo imo ndani ya uzi wenyewe. Mwaka 1970, Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray, Japani, alibuni njia ya kupata nyuzi nyembamba kuliko hariri. Taulo za leo nyingi huchanganya poliesta na nailoni, mara nyingi 80 kwa 20, na kila uzi hupasuliwa vipande vyenye kingo na mianya. Mwanya unaomeza vumbi humeza maji pia. Bahati mbaya humeza na dawa ya kulainishia nguo. Humo dawa huganda, na taulo iliyokuwa ikifyonza ndoo nzima hubaki kuyasukuma maji huku na huko juu ya boneti.

Kwa hiyo, sabuni ya maji, kidogo tu. Ya unga huacha punje zisizoyeyuka. Jiki hapana, inakula nailoni. Maji yawe vuguvugu, na pasi isitajwe kabisa: joto kali hukakamaza ncha za nyuzi, nazo zikikakamaa huchora rangi. Kule Dar es Salaam ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi, siki kidogo kwenye suuza ya mwisho huokoa taulo isikauke kama gamba.

Halafu kukung'uta, pa! pa!, na kuanika kivulini, mbali na vumbi la barabara.

Iliyoanguka chini hushushwa cheo hapo hapo, hata iwe mpya. Chembe moja ya mchanga yatosha kuacha utandabui wa mikwaruzo kwenye gari jeusi, nalo jua la saa sita halifichi kitu. Taulo hiyo huenda kwenye rimu, baadaye kwenye injini.

Asubuhi huanua na kupitisha kila moja kwenye kiganja kikavu. Inayonasanasa ngozi hukunjwa na kuingia kabatini. Inayoteleza hurudi besenini.