Ukuta Mtupu Kandokando ya Msalaba

Mpunga wa Ubaruku unapokuwa kijani kibichi, yangeyange mmoja aliyesimama majarubani huonekana toka mbali. Kimwonyeshacho si ukubwa wake, bali weupe uliozungukwa na kijani. Wakitua mia katika shamba lile lile, hakuna amwonaye yule mmoja.

Nilimkumbuka ndege huyo nilipoitazama tena picha ya kusulubiwa iliyo nyuma ya madhabahu ya usharika mmoja wa huko. Mchoraji wake ana mkono mwema: nyuso zimechorwa kwa upendo, na mikunjo ya mavazi ni halisi. Hata hivyo jicho halina pa kutua. Anga ni jekundu, mavazi ni mekundu, dhahabu imetapakaa kila pembe, na Bwana mwenyewe anang'aa sawasawa na farasi wa akida. Lawama si ya mchoraji peke yake. Nami nilikuwamo katika kamati iliyomwomba aongeze rangi, tukidhani kwamba wingi ndio heshima.

Tuitazame basi picha ya madhabahu ya Wittenberg, iliyowekwa mwaka 1547, kazi ya Lucas Cranach na karakana yake. Katika ubao wa chini, Luther yuko mimbarani upande wa kulia, mkono mmoja juu ya Biblia, wa pili ukimwonyesha Kristo. Upande wa kushoto wamebanana wasikilizaji, wake kwa waume, pamoja na watoto. Katikati yuko Msulubiwa peke yake, mbele ya ukuta usio na pambo lolote. Wengi huisifu picha hii kwa ajili ya mhubiri; mimi naona nguvu yake imo katika ukuta ule. Msongamano wa watu ndio unaoupa upweke wa Kristo uzito, na nafasi tupu ndiyo inayoupa mkono wa Luther njia ya kupita. Yule aliyetenga theolojia ya msalaba na ya utukufu huko Heidelberg mwaka 1518 hakustahili picha iliyojaa dhahabu.

Wala tusidhani hii ni elimu ya Wazungu tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Katika picha zake nyingi mnyama mmoja husimama mbele ya rangi moja tu, naye humsimamisha hata mpita njia. Wengi waliomfuata wamejaza kila pengo maua na ndege. Zinapendeza sebuleni, sikatai.

Sasa usharika unachangisha fedha ili picha ile ipakwe dhahabu upya. Mimi ningeomba kopo moja la rangi ya kijivu, na farasi wa akida awe wa kwanza kufunikwa.