Mui na Unga Wake

Msomaji, utacheka sana ukiitazama Shaolin Soccer, filamu ya Stephen Chow iliyotoka Hong Kong mwaka 2001; lakini usimpite Mui, mwuza mikate. Yeye hukanda unga kwa mbinu za tai chi, mapigano ya Kichina ya upole, kwa wepesi kama wa wachumaji chai wa Meru na Embu wachumapo majani mawili na chipukizi. Hapo filamu yasadikika kuliko mechini, ambako kompyuta yauwasha mpira moto. Sing, mwokota taka, alipiga kopo teke. Fung, mchezaji wa zamani aliyevunjwa mguu, akamwona na kumfanya mwanasoka. Mui je? Alijiendea mwenyewe golini, walinda mlango walipokwisha kuumia. Sing alikijua kipawa chake mapema, akakisifu, mbona hakumwita?