Kutoka Springi hadi Mtungi: Bunduki Mpya ya Sungura Ndani ya Joule 16

Mwindaji wa sungura wa England anapobadilisha bunduki yake ya hewa, fedha zake haziwezi kumnunulia nguvu zaidi. Tangu kanuni za mwaka 1969, bunduki ya hewa ambayo risasi yake hutoka mtutuni na nishati inayozidi futi-pauni 12, yaani joule 16.27, huhesabiwa kuwa silaha ya hatari, na mwenye nayo lazima awe na cheti cha polisi kama mwenye raifo ya baruti. Chini ya kipimo hicho, kwa England na Wales, aliyetimiza miaka 18 huingia dukani akalipa akaondoka nayo. Scotland wao wanadai leseni hata kwa hizo ndogo tangu mwisho wa 2016. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya bei nafuu na ile ya bei ya kutisha hutoka kiwandani zikiwa zimebanwa kwenye kipimo kilekile. Sasa mtu anayeiweka kando Weihrauch HW80 yake ya springi na kuchukua Air Arms S510 ya hewa ya mtungi ananunua nini hasa?

Jibu linaanzia kwa mnyama mwenyewe. Sungura pori wa nyika zetu za Afrika Mashariki wengi ni wa jamii ya Lepus: hulala juu ya ardhi, hutegemea miguu yake, na ukimkurupusha hukata mbuga. Wa Uingereza anayezungumziwa hapa, Oryctolagus cuniculus, huishi kwa ukoo ndani ya mashimo, na jioni hutoka kula majani hatua chache tu kutoka mlangoni. Ukimjeruhi, hana haja ya kukimbia mbali. Anaruka mara mbili tatu, ameingia shimoni, na huko anakufa polepole bila wewe kumfikia. Kwa hiyo wawindaji wa bunduki ya hewa hulenga ubongo: eneo la upana wa sentimita 3 hivi, kati ya jicho na shina la sikio. Risasi yenye joule 12 ikifika hapo, mnyama hajui kilichompata. Risasi hiyohiyo ikipita sentimita 4 pembeni, umefanya ukatili. Wapo wanaopiga kifua kwa risasi ya milimita 5.5 na kutetea uamuzi wao. Mimi siungi mkono, kwa nguvu ndogo namna hii.

Tena kazi yenyewe haina mchezo kwa mkulima. Sheria ya 1880 ilimpa mwenye kulima shamba haki ya kuwaua sungura wanaomlia mazao, na ile ya 1954 ikaigeuza haki hiyo kuwa wajibu. Hata ugonjwa wa miksomatosisi, uliofika Uingereza mwaka 1953 na kufyeka karibu sungura wote wa nchi, haukuwamaliza. Mwindaji hualikwa, huonyeshwa mipaka, na hutarajiwa kurudi na kitu. Bila ruhusa ya mwenye ardhi hata kuingia na bunduki ni kosa.

Turudi kwenye chuma. Ndani ya bunduki ya springi kuna pistoni nzito iliyosukumwa nyuma na kufungwa dhidi ya springi nene. Ukivuta triga, pistoni huruka mbele na kuibana hewa iliyo mbele yake kwa kasi kubwa hadi ipate joto kali, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Tatizo ni kwamba pistoni ikikimbilia mbele, bunduki nzima hurudi nyuma. Kisha pistoni inagonga mto wa hewa iliyobanwa na kudunda, bunduki nayo inatupwa mbele. Mateke mawili yenye mwelekeo tofauti, na yote haya yanaanza risasi ikiwa bado haijatoka mtutuni. Pale mtutu unapokuwa umeelekea wakati risasi inachomoka ndipo itakapokwenda, si pale ulipolenga.

Ndiyo maana bunduki ya springi haitaki kubanwa. Ukiikaza begani inatupa risasi upande huu, ukiilegeza inaitupa upande ule, ukiiegemeza kwenye nguzo ngumu ya uzio inapiga juu kabisa. Mpigaji mzoefu huiacha ikalala juu ya kiganja kilicho wazi, palepale kila siku, na kuiachia iteleze inavyotaka. Anayeweza kufanya hivyo akiwa amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, au amepiga goti nyuma ya kichaka cha miiba, ni fundi kweli. Lakini sungura hachagui kukaa mahali panapokupa mkao mzuri. Udhaifu wa springi hauonekani sana kwenye karatasi ya shabaha nyuma ya nyumba. Unaonekana uwanjani, mkao unapobadilika.

Bunduki ya mtungi haina pistoni. Chini ya mtutu kuna silinda ya hewa iliyoshindiliwa hadi karibu bar 200. Triga inaachia nyundo ndogo, nyundo inagonga vali, vali inafunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, pumzi moja ya hewa inatoka na risasi inaondoka. Kinachosogea ni nyundo ya gramu chache. Teke halipo, au kama lipo basi begani hulisikii. Ubunifu huu si wa jana: jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya Girardoni, yenye kitako cha kujazwa hewa, tangu miaka ya 1780 hivi, na Lewis na Clark walibeba bunduki ya hewa katika safari yao ya kuvuka Amerika iliyoanza 1804. Kilichochelewa ni vali na mipira ya kuzuia hewa isiyovuja, pamoja na njia ya mtu wa kawaida kupata hewa yenye shinikizo hilo.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Joule ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba bunduki inabaki imetulia kwa muda ule mfupi ambao risasi inasafiri ndani ya mtutu, iwe umelala, umekaa, umeegemea lango la shamba au umesimama wima. Mwindaji aliyejifunza kwa springi akihamia huku hushangaa: makosa yake ya mkono hayaadhibiwi tena. Na kwa maoni yangu, aliyeanza moja kwa moja na mtungi amekosa somo ambalo hawezi kulipata kwa urahisi baadaye.

Mtungi nao una tabia yake. Hewa ikiwa nyingi mno, hiyohiyo inaikandamiza vali, nyundo inapata shida kuifungua, na risasi za mwanzo zinatoka polepole. Shinikizo likishuka kidogo vali inafunguka vizuri na kasi inapanda, inakaa hapo kwa muda, kisha hewa inapungua na kasi inaporomoka. Ukiichora, inatoka kama kilima. Mwindaji makini huweka kipima kasi mbele ya mtutu, hupiga silinda nzima akiandika kasi ya kila risasi, na kuchagua uwanda wa juu wa kilima hicho: pengine anajaza bar 180 badala ya 200 na kuacha kupiga geji ikifika 110. Matoleo mapya hutatua jambo hili kwa regyuleta, chumba kidogo kinachopokea hewa ya silinda na kuipeleka kwenye vali kwa shinikizo moja, tuseme bar 120, hadi silinda yenyewe ishuke chini ya hapo. Regyuleta ni kifaa kizuri. Ni kifaa kingine pia cha kuharibika, na kikianza kuvuja ndani, risasi ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayokuponza, nayo ndiyo risasi ya maana kuliko zote.

Kisha kipenyo. Wazee wa springi wengi hupenda milimita 5.5 kwa sungura, kwa hoja kwamba risasi nene hugonga kwa uzito. Chukua risasi ya 4.5 yenye gramu 0.55 na ya 5.5 yenye gramu 1.03, zote zitoke na joule 15.6, yaani chini kidogo ya mpaka wa sheria. Ya kwanza inaondoka kwa mita 238 kwa sekunde, ya pili mita 174. Darubini ikiwa sentimita 4.5 juu ya mtutu na imelinganishwa kwenye mita 30, basi kwenye mita 40 risasi ndogo itashuka kama sentimita 3 na nusu chini ya msalaba, na kubwa karibu sentimita 7. Kumbuka eneo letu ni sentimita 3. Mwindaji anayekosea kukadiria umbali kwa mita 5, kosa la kawaida kabisa jioni kwenye malisho yasiyo na mti, ana nafasi kubwa zaidi ya kusamehewa na 4.5 kuliko na 5.5. Kwa springi iliyokuwa ikitawanya risasi hesabu hii haikuwa na uzito mkubwa, maana mtawanyiko wenyewe ulimeza tofauti. Ukishapata bunduki inayotoboa tundu moja, njia ya risasi ndiyo inayobaki kuwa chanzo cha kukosa, na hapo ningechukua 4.5 bila kusita.

Darubini ya zamani isihamishwe kwa mazoea. Nyingi zilizotengenezwa kwa raifo za baruti zimerekebishwa kwa yadi 100, na ukizitumia kwa mita 25, jicho likihama kidogo nyuma ya kioo msalaba nao unahama juu ya shabaha. Inayofaa ni yenye kirekebishi kinachoshuka hadi mita 10 au chini zaidi. Vinukta vya mil navyo vina faida: mil moja ni sentimita 3 kwenye mita 30 na sentimita 4 kwenye mita 40, hivyo kile kipungufu cha sentimita 3 na nusu hakifiki hata mil moja. Mwindaji huandika kibandiko cha umbali na vinukta, akakibandika ndani ya kifuniko cha darubini. Ukiwa na chombo cha leza cha kupima umbali, bora zaidi.

Risasi zenyewe zichaguliwe na mtutu, si na tangazo. Unanunua kopo za aina kadhaa zenye kichwa cha mviringo, unapiga makundi kwenye karatasi kwa mita 30 siku isiyo na upepo, na mtutu unakuambia. Zile zenye ncha kali au tundu kichwani huuzwa kwa picha za kuvutia, ila kwa umbali huu mara nyingi hupoteza usahihi kuliko zinavyoongeza madhara. Kuna mtego wa kisheria hapa ambao wengi hawaujui: springi kwa kawaida hutoa nishati zaidi kwa risasi nyepesi, mtungi kwa risasi nzito. Bunduki iliyopimwa dukani kwa gramu 0.55 ikasoma futi-pauni 11.6 inaweza kuvuka 12 ukiiwekea risasi nzito, nawe umeshakuwa na silaha bila cheti. Polisi hawaulizi ulikusudia nini. Kila kopo jipya lipite kwenye kipima kasi kwanza.

Gharama iliyojificha ni hewa. Pampu ya mkono ipo, na inafundisha unyenyekevu. Mtu mzima anatoka jasho kupandisha bar 80 tu, na asipopumzika anaingiza unyevu ndani ya silinda. Wengi huishia kununua mtungi wa lita 3 wa bar 300 na kuujaza kwenye duka la wapiga mbizi. Kwa hesabu ya haraka, silinda ya bunduki yenye mililita 150 ikipandishwa kutoka bar 120 hadi 200 inakula lita 12 za hewa, na mtungi ukishuka kutoka 300 hadi 200 unatoa lita 300. Ni zaidi ya mara 20 kabla mtungi haujashindwa kujaza kikamilifu. Fungua vali polepole, kwa sababu hewa inayobanwa haraka hupata moto na geji itakudanganya. Oksijeni isiingizwe kamwe, wala mafuta ya kawaida karibu na shinikizo hilo. Grisi ya silikoni tu kwenye oringi. Mtungi hupelekwa kupimwa kila miaka 5.

Ukimya ni zawadi. Springi hulia kwa chuma, mlio wa kugonga unaopita kwenye kitako hadi shavuni. Mtungi hutoa mlipuko wa hewa mdomoni mwa mtutu, na huo huzimwa na sailensa karibu wote, kwa kuwa risasi iko chini ya kasi ya sauti. Magazini ya risasi 10 na mkono wa pembeni humwezesha mpigaji kuweka risasi ya pili bila kuinua kichwa. Ukiwa na HW80 unavunja mtutu kwenda chini, na sungura, ambaye macho yake yapo pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, ameshaona mkono mzima ukisogea.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, haya ni maarifa tu, si ruhusa. Kenya imefunga uwindaji tangu 1977, na nchini Tanzania mnyamapori hawindwi bila leseni, awe mdogo kiasi gani.

Umbali wa kupiga haukuongezeka sana kama wengi wanavyodhani. Aliyekuwa akijizuia mita 25 na springi anaweza kwenda 35 na mtungi, upepo ukiwa umetulia na akiwa na egemeo. Zaidi ya hapo upepo wa pembeni unaisukuma risasi nyepesi kwa sentimita kadhaa, na hakuna regyuleta inayozuia hilo. Mita zinazobaki bado huzipati dukani. Unazipata kwa tumbo, ukitambaa kando ya ua, upepo usoni. Na HW80 isiuzwe. Siku mtungi umevuja usiku na duka la hewa limefungwa, springi bado inahitaji mkono wako tu.