"Maendelezo Yasiyokwisha": Uhakiki wa Tafsiri ya Kivumishi Kimoja cha Sheria ya Ardhi Tanzania

Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania yamewakabidhi wafasiri maneno ambayo uzito wake hauonekani upesi. Mojawapo ni kivumishi cha Kiingereza *unexhausted*, ambacho ni nadra katika mazungumzo lakini kimo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kikivumisha maendelezo ya ardhi. Makala hii inadai kuwa ugumu wa kukitafsiri hautokani na uhaba wa msamiati wa Kiswahili, bali na dhana ya umiliki iliyojificha ndani yake.

Tafsiri inayokuja kwanza ulimini ni "maendelezo yasiyokwisha". Kisarufi haina kasoro, kimaana inapotosha. Umbo -siyo- halibainishi njeo, hivyo husomwa kama sifa ya kudumu: maneno yasiyokwisha ni maneno yasiyo na kikomo. Ikisemwa "maendelezo ambayo hayajakwisha", mofimu -ja- inaleta hali ya kusubiri, na msomaji ataiona nyumba iliyoishia kwenye msingi. Sheria haikusudii lolote kati ya hayo. Kinachokanushwa si kukamilika kwa kazi, bali kumalizika kwa faida yake.

Asili ya kivumishi inalithibitisha hilo. Nchini Uingereza, sheria za mashamba za mwaka 1875 na 1883 zilimpa mpangaji anayeondoka haki ya kulipwa kwa mbolea na kazi nyingine ambazo manufaa yake yangali udongoni. Kivumishi kilipima masalio baina ya mwenye shamba na mpangaji wake. Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilikichukua, huku ikiondoa katika fasili yake matokeo ya kilimo cha kawaida, isipokuwa mazao yanayoota. Hivyo mkulima aliyerithi ardhi kwa mila alisemewa kwa msamiati wa mpangaji.

Mfano wa kufikirika unaonyesha athari yake. Mkulima wa Ilembo, mjini Mpanda, amefyeka pori, akang'oa visiki, akaweka samadi na kulima mahindi kwa misimu mingi. Eneo likitwaliwa mahindi yakiwa shambani, fasili ya mwaka 1923 inayaona mahindi. Likitwaliwa baada ya mavuno, jasho la misimu yote laweza kuitwa kilimo cha kawaida, na fidia ikawa hakuna. Fasili ya mwaka 1999 imeacha kuondoa kilimo cha kawaida, tena inataja miti na mazao yaliyosimama. Hata hivyo, kivumishi kimebaki kilekile.

Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kuwa haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia haiishii kwenye maendelezo ya namna hiyo: aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili kulipwa hata pale yanapokosekana. Ibara hiyo kwa Kiswahili inataja "fidia inayostahili". Kitenzi "stahili" kinaanzia kwenye haki ya mtu. Kivumishi cha Kiingereza kinaanzia kwenye masalio ya udongoni.

Kwa hiyo, "maendelezo ambayo faida yake haijakwisha" ni tafsiri ndefu lakini aminifu, kwa kuwa inataja wazi kinachopimwa. Urefu huo si udhaifu. Mkulima anayesomewa hati ya utwaaji anapaswa kuelewa ni faida gani inahesabiwa, ili aweze kuuliza ni ipi iliyoachwa.